Sura ya Sita: Fani za Kuvuka Nazo Songwe

Vita vya Pili vya Dunia vilipokwisha, daktari mmoja Mwafrika alikuwa akitibu watu katika mtaa wa Harlesden, kaskazini-magharibi mwa London. Wengi wa wagonjwa wake walikuwa Waingereza wa kawaida. Alivaa suti nyeusi, alikuwa mzee wa Kanisa la Scotland, na hakuwa mtu wa utani. Sehemu ya fedha alizopata aliituma kusini mwa Ikweta, kwa chama kichanga cha Nyasaland African Congress kilichoundwa mwaka 1944. Jioni nyumba yake ilijaa wageni. Kwame Nkrumah alipita pale, Jomo Kenyatta naye alipita. Daktari mwenyewe ni Hastings Kamuzu Banda, mzaliwa wa Kasungu, Nyasaland, nchi ambayo leo ni Malawi.

Kijana akiniuliza asome nini chuoni ili aje asaidie mabadiliko ya kisiasa katika nchi asiyoishi, Banda ndiye mfano wa kwanza unaonijia. Najua mfano huu unachoma, na nimeuweka mwanzo kwa sababu hiyohiyo.

Banda hakuanza na udaktari. Aliondoka kwao kwa miguu akiwa kijana, akafanya kazi kwenye mgodi Afrika Kusini, kisha mwaka 1925 akafika Marekani kwa msaada wa kanisa. Mwaka 1931 alipata digrii Chuo Kikuu cha Chicago, na somo lake lilikuwa historia. Udaktari ulikuja baadaye, katika chuo cha Meharry mjini Nashville, alikohitimu mwaka 1937. Akavuka bahari tena hadi Edinburgh ili apate vyeti ambavyo dola ya Kiingereza ingevikubali, akavipata mwaka 1941. Miaka kumi na sita darasani! Wazazi wa Kyela wanaolalamika kwamba kozi ya miaka mitano ni ndefu wanaweza kupumua.

Udaktari ulimpa kitu ambacho historia isingempa. Wenzake waliobaki Nyasaland walikuwa makarani na walimu, watu wa mshahara wa serikali au wa misheni, na mshahara wa namna hiyo una kamba shingoni. Ukihutubia vibaya Jumapili, Jumatatu huna kazi. Daktari wa Harlesden hakuwa na gavana wa kumfukuza. Alitibu Tyneside, akatibu London, mwaka 1953 akahamia Kumasi, Ghana ya leo, akatibu huko pia. Popote penye homa alikuwa na chakula, na chenji iliyobaki ilikwenda kwenye siasa za nyumbani. Tarehe 6 Julai 1958 alirudi Nyasaland baada ya kuwa nje miongo minne hivi. Miaka sita baadaye, siku hiyohiyo ya Julai, Malawi ikawa huru, yeye akiwa waziri mkuu.

Baada ya hapo hadithi inageuka, na mgeuko huo ndio ulioileta hadi kwetu.

Ipyana ipo kwenye tambarare ya Kyela, nchi ya mpunga na kakao kusini mwa Tanzania, na mto Songwe hauko mbali. Ng'ambo ya Songwe ni Karonga, Malawi. Wangonde wa kule na Wanyakyusa wa huku wanasikilizana bila mkalimani, wanaoana, wanazikana. Mtu wa Ipyana anaweza kuwa na mama mdogo mwenye kitambulisho cha Malawi na shemeji mwenye shamba pande zote mbili. Kwa hiyo tunaposema siasa za nchi nyingine, kwa Kyela maneno hayo yana uzito mdogo kuliko yalivyo Dodoma. Aliyefungwa kule anaweza kuwa mtoto wa shangazi.

Septemba 1964, kabla uhuru haujafikisha miezi mitatu, baraza la mawaziri la Malawi lilivunjika. Mawaziri vijana walimlaumu Banda kwa mengi: urafiki wake na Wareno waliokuwa wakiitawala Msumbiji, kasi ndogo ya kuwapa Waafrika kazi za juu serikalini, na ada ya peni tatu kwa mgonjwa anayekwenda hospitali ya serikali. Ada ya hospitali, kwa amri ya daktari! Tarehe 7 Septemba aliwafukuza kadhaa, wengine wakajiuzulu kwa kuwaunga mkono, na katika muda mfupi watu waliokuwa wameijenga nchi ile walikuwa wakimbizi Zambia na Tanzania. Pesa ya daktari ilikuwa imesaidia kujenga chama, na chama kikamzaa bwana mkubwa aliyetawala hadi mwaka 1994.

Kuna mtindo siku hizi wa kuwaambia vijana: soma kitu kinacholipa, pata pesa nyingi, kisha zichangie kwenye jambo unaloliamini. Siupingi. Lakini pesa inafuata mkono unaoipokea, na anayechanga kutoka mbali ni nadra kuuona mkono huo vizuri. Aliye mbali anaona jina la chama, bendera na hotuba. Nani anashika daftari la hesabu, nani anaogopwa kwenye kikao, hayo yanajulikana na aliyeko chumbani.

Waliokimbilia Tanzania wana mafunzo ya kutosha, kwa sababu kila mmoja alikuja na fani yake na dunia ikaipima mbele ya macho yetu.

Kanyama Chiume alizaliwa Usisya, pwani ya magharibi ya Ziwa Nyasa hilihili, lakini alikulia Tanganyika baada ya mjomba wake kumchukua. Alisoma Dar es Salaam na Tabora, Kiswahili chake kilikuwa cha nyumbani. Makerere aliingia kusomea udaktari, akaacha, akahamia ualimu. Wapo wanaohesabu uamuzi wa namna hiyo kuwa kushuka ngazi. Yeye akafundisha Dodoma, akarudi kwao, na mwaka 1956, akiwa na miaka ishirini na sita, akachaguliwa kwenye Baraza la Kutunga Sheria la Nyasaland. Baada ya uhuru alikuwa waziri wa mambo ya nje. Baada ya Septemba 1964 akawa mkimbizi Dar es Salaam.

Alikula kwa kalamu. Aliandika magazetini, akachapisha vitabu, akatunga riwaya za Kiswahili, mojawapo ni Dunia Ngumu. Wengi waliozisoma hawakujua kwamba mwandishi alikuwa waziri wa zamani wa nchi jirani mwenye adui ikulu. Ukiangalia kwa jicho kali utasema alipotea njia: Mmalawi anayetaka kuibadili Malawi anaandika kwa lugha ambayo Wamalawi wengi hawaisomi. Kalamu yake iliwafaa Watanzania zaidi kuliko wenzake aliowaacha. Nadhani hili huwapata wengi walio nje ya kwao. Fani inayokulisha ugenini hujipinda taratibu kuelekea wageni wanaokulipa. Chiume aliandika vilevile habari za maisha yake kwa Kiingereza, zikachapishwa mwaka 1975, na leo mtu akitaka kujua mapambano ya Nyasaland yalivyokuwa kwa ndani, hawezi kuzikwepa. Kwa hiyo sisemi alipotea. Nasema matunda yalichelewa, na mengine yaliangukia shamba la jirani.

Orton Chirwa alikuja na sheria. Alikuwa Mwafrika wa kwanza wa Nyasaland kufuzu uwakili Uingereza. Mwaka 1959, Banda akiwa gerezani Gwelo, Rhodesia ya Kusini, Chirwa ndiye aliyeshika uongozi wa chama kipya cha Malawi Congress Party, kisha akamkabidhi mwenyewe alipotoka. Alikuwa waziri wa sheria. Alipofukuzwa alikuja Dar es Salaam, akafundisha na kufanya kazi za sheria, akaanzisha chama cha Malawi Freedom Movement. Mkewe Vera naye alikuwa mwanasheria, mwanamke wa kwanza wa Malawi kufikia hapo.

Mkesha wa Krismasi mwaka 1981 walikamatwa mpakani mwa Zambia na Malawi, pamoja na mtoto wao Fumbani. Wenyewe walisema walitekwa wakiwa upande wa Zambia. Kesi ya uhaini ilipelekwa kwenye ile iliyoitwa mahakama ya jadi, ambako mshtakiwa hakuruhusiwa wakili. Tafakari kidogo: wanasheria wawili, mmoja wao waziri wa sheria wa kwanza wa nchi hiyo, wanajitetea wenyewe mbele ya majaji ambao wengi wao ni machifu. Walihukumiwa kunyongwa mwaka 1983. Kelele za dunia zikafanya adhabu igeuzwe kifungo cha maisha mwaka uliofuata. Orton alifia gereza la Zomba Oktoba 1992. Vera aliachiwa Januari 1993.

Nimewasikia watu wakitumia habari hii kuwaambia vijana kwamba sheria ni kazi bure mahali ambapo mtawala ndiye sheria. Ni kweli nusu. Uwakili wa Chirwa haukumfaa ndani ya chumba kile. Ulifaa nje yake. Kwa kuwa mshtakiwa aliijua sheria, alipinga ushahidi hatua kwa hatua, na kila pingamizi lililokataliwa likawa kielelezo kwa waliokuwa wakiwatetea duniani, likiwamo shirika la Amnesty International lililowatangaza kuwa wafungwa wa dhamiri. Kuna mwanasheria mahali fulani, London au Geneva, ambaye kazi yake ilikuwa kusoma karatasi hizo na kuandika barua kuzihusu. Hakuna anayemkumbuka jina. Kama unataka kusomea sheria kwa ajili ya nchi nyingine, uwezekano mkubwa ni kwamba utakuwa huyo wa barua.

Fani ya Yatuta Chisiza nitaipita haraka. Alikuwa inspekta wa polisi Tanganyika kabla ya kuwa waziri wa mambo ya ndani wa Malawi. Baada ya kukimbia alirudi Malawi Oktoba 1967 na kikundi kidogo chenye silaha, akauawa. Wanaovutiwa na njia hiyo hawahitaji ushauri wa kozi.

Mdogo wake, Dunduzu, ndiye ninayemfikiria mara nyingi zaidi. Alitoka wilaya ya Karonga, ng'ambo yetu hapo. Alifanya kazi ya ukarani katika polisi ya Tanganyika, akasoma Uganda, baadaye akapata nafasi chuo cha Fircroft mjini Birmingham akajifunza uchumi. Mwaka 1958 aliitwa nyumbani kusaidia chama, mwaka uliofuata akafungwa Gwelo pamoja na Banda na kaka yake. Wenzake walikuwa wakiuliza uhuru utakuja lini. Dunduzu aliuliza tutauza nini, tutakopa kwa nani, na mkulima atapata wapi mbegu. Mwaka 1961 aliandika kijitabu kuhusu mambo yaliyokuwa yakiingoja Afrika baada ya uhuru. Akiwa katibu wa bunge wa wizara ya fedha, Julai 1962 alifanikisha mkutano wa wachumi mjini Blantyre, wakaja wataalamu wa nje kujadili uchumi wa nchi ambayo bado haijawa huru. Septemba mwaka huo alikufa katika ajali ya gari. Alikuwa na miaka thelathini na miwili.

Ukitafuta mtu aliyechagua somo lake sawasawa, ni huyu. Alisoma kitu ambacho harakati haikuwa nacho. Wasemaji walikuwepo, waandamanaji walikuwepo, magereza yalikuwa yamejaa mashujaa. Mtu wa kusoma bajeti hakuwepo. Alipokufa, nafasi yake haikupata mrithi kirahisi, na miaka miwili baadaye ubishi wa nani apewe kazi na kwa kasi gani ukawa mojawapo ya kuni zilizowasha moto wa Septemba.

Sipendi kuligeuza jambo hili kuwa la Malawi peke yake, kwa sababu Dar es Salaam ya miaka ya 1960 ilikuwa kama soko la fani za namna hii. Eduardo Mondlane wa Msumbiji alifika akiwa ameacha kufundisha anthropolojia katika Chuo Kikuu cha Syracuse, Marekani, na kabla ya hapo alikuwa amefanya kazi Umoja wa Mataifa katika idara ya nchi za udhamini. Kazi hiyo ya ofisini, ya kusoma mafaili na kuandika ripoti, ilimfundisha mlango upi hubishwa na barua huanzaje. FRELIMO, chama cha ukombozi wa Msumbiji, ilipohitaji kiongozi anayeweza kuzungumza na Washington, Moscow na Stockholm kwa wiki moja, alikuwepo. Aliuawa na bomu lililofichwa ndani ya kitabu, Dar es Salaam, tarehe 3 Februari 1969. Chuoni Mlimani, jijini humo, Yoweri Museveni alikuwa akisoma siasa na akina Walter Rodney walikuwa wakifundisha historia. Vijana wale walitembelea maeneo yaliyokombolewa ya Msumbiji kabla hawajamaliza digrii. Kilichowafunza zaidi, darasa au safari, wenyewe wamebishana tangu wakati huo.

Kuna pia aina ya watu ambao hawakuchagua. Thandika Mkandawire alikuwa mwandishi wa habari kijana wa Malawi aliyekwenda Marekani kusoma, akaishia kwenye uchumi. Mgogoro wa 1964 ukafunga mlango wa kurudi, Sweden ikampokea, na kwa takriban miaka thelathini hakuikanyaga nchi yake. Hakuanzisha jeshi wala serikali ya uhamishoni. Alifundisha, akaandika, na kuanzia mwaka 1986 aliongoza CODESRIA kule Dakar, baraza lililowapa wanazuoni wa Afrika mahali pa kuchapisha na kubishana wakati vyuo vyao vilipokuwa vikibanwa na serikali. Je, alisaidia mabadiliko ya Malawi? Ukihesabu kwa maandamano, hapana. Ukihesabu idadi ya wachumi wa Kiafrika waliojifunza kupitia maandishi yake kwamba dola inaweza kuwa ya maendeleo na ya kidemokrasia kwa pamoja, jibu linabadilika. David Rubadiri naye, mshairi wa Makerere aliyekuwa balozi wa kwanza wa Malawi Marekani na Umoja wa Mataifa, alivunja na Banda mwaka 1965 akarudi kufundisha fasihi Uganda na kwingineko, hadi serikali mpya ilipompa tena ubalozi baada ya mwaka 1994.

Hatimaye Banda aliondokaje? Hili ndilo linaloamua hesabu yote, na waliokuwa nje hawapendi kulisema kwa sauti.

Tarehe 8 Machi 1992, Jumapili ya kwanza ya Kwaresima, barua ya maaskofu Wakatoliki ilisomwa makanisani nchini Malawi. Ilieleza kwa lugha ya upole mambo ambayo kila mtu aliyajua na hakuna aliyeyasema: umaskini, hofu, shule mbovu, watu kukamatwa bila kesi. Siku chache baadaye wanafunzi wa vyuo wakaandamana. Tarehe 6 Aprili, Chakufwa Chihana, mtu wa vyama vya wafanyakazi, alishuka uwanja wa ndege wa Lilongwe akitoka Zambia na hotuba mkononi, akakamatwa kabla hajaimaliza. Mwezi Mei wafanyakazi Blantyre waligoma, risasi zikalia. Mwezi huohuo nchi wahisani zikasitisha misaada mipya. Tarehe 14 Juni 1993 Wamalawi walipiga kura ya maoni, karibu theluthi mbili wakachagua vyama vingi. Mei 1994 Banda alishindwa uchaguzi.

Mabadiliko yalitoka ndani. Yaliletwa na maaskofu waliokuwa wakiishi humo, wafanyakazi wa viwanda, wanafunzi wa Zomba. Lakini usiishie hapo. Wahisani hawakustuka Mei 1992 kwa sababu ya barua moja. Kwa miaka mingi kulikuwa na watu waliowapelekea majina ya wafungwa: wakimbizi, wanazuoni, makatibu wa mashirika, marafiki wa mshairi na mwanaisimu Jack Mapanje waliopiga kelele Uingereza kuanzia alipokamatwa mwaka 1987 hadi alipotoka 1991. Chihana mwenyewe alikuwa na kiti katika shirika la vyama vya wafanyakazi vya kusini mwa Afrika, na kiti hicho ndicho kilichofanya kukamatwa kwake kuwe habari ya kimataifa siku hiyohiyo. Fani yake ilikuwa kuunganisha wafanyakazi. Haiko kwenye orodha ya kozi za chuo chochote ninachokijua.

Kwa hiyo kipimo changu ni hiki: fani inafaa kwa mabadiliko ya ng'ambo pale mtu wa ndani anapoweza kuitumia. Daktari wa Harlesden alikuwa na pesa, lakini waliozipokea hawakuwa na njia ya kumwambia hapana. Chirwa alikuwa na sheria, akavuka nayo mpaka mwenyewe, wakati ingesafiri vizuri zaidi kwenye bahasha. Dunduzu alikuwa na uchumi, akaupeleka nyumbani kabla ya sherehe.

Tuseme basi ni binti wa Ipyana, amemaliza kidato cha sita kwa mchepuo wa EGM (uchumi, jiografia na hisabati), ana mama mdogo Karonga, na habari za huko zinamuuma. Baba yake mkubwa atamwambia, "Mwanangu, siasa za watu waachie wenyewe, soma upate ajira." Ushauri huo una busara kuliko vijana wanavyokubali. Akisoma kwa mkopo, siku akianza kazi Bodi ya Mikopo itakata asilimia 15 ya mshahara wake wa msingi kila mwezi hadi deni liishe. Hapo bado hajampelekea mama sukari. Mpango wa kupata pesa ili achangie harakati za nchi jirani, kwa mshahara wa mwanzo wa Tanzania, utabaki mpango kwa miaka mingi.

Sheria? Asome kama anaipenda. Lakini ajue kwamba uwakili una mpaka kuliko fani nyingi. Baada ya digrii kuna Shule ya Sheria, na baada ya Shule ya Sheria anaruhusiwa kusimama mahakamani hapa, si Lilongwe. Sayansi ya siasa itampa majina ya mambo anayoyaona tayari kila siku kwenye kijiwe cha bodaboda. Wenzetu wa fani hiyo wanisamehe. Udaktari na uuguzi vinavuka mpaka vizuri, na bado naamini daktari asiyetegemea mshahara wa chama ni mtu wa kuogopwa na watawala, kwa wema au kwa ubaya.

Mimi ningemwelekeza kwenye takwimu au ukaguzi wa hesabu, na nitaeleza kwa nini. Mei 2019 Malawi ilifanya uchaguzi wa rais. Fomu za matokeo zilirudi zimepakwa Tipp-Ex, ile rangi nyeupe ya kufutia makosa. Nyingine hazikuwa na sahihi, nyingine zilikuwa nakala zilizoingizwa mahali pa fomu halisi. Watu waliandamana miezi mingi, lakini kesi haikuamuliwa kwa maandamano. Iliamuliwa kwa mtu kukaa na karatasi, kituo kwa kituo, akaonyesha namba hii haifanani na ile. Tarehe 3 Februari 2020 majaji watano wa Mahakama ya Katiba, walioletwa mahakamani wakiwa wamevaa fulana za kuzuia risasi, walifuta matokeo. Uchaguzi ulirudiwa Juni 23 na upinzani ukashinda. Afrika nzima ilikuwa imeona jambo hilo mara moja tu kabla, Kenya mwaka 2017, na huko pia fomu na mitambo ya kujumlisha kura vilikuwa katikati ya kesi.

Kazi ya namna hiyo haihitaji uwe raia. Inahitaji uaminike kwa wanaokuletea fomu, na usiwe umewahi kuonekana jukwaani kwa mtu yeyote. Mtanzania akihutubia Karonga, serikali ya huko ina haki ya kumuuliza anatafuta nini. Mtanzania anayemfundisha binamu yake jinsi ya kujumlisha fomu mia mbili na kuona ni wapi jumla imeongezwa, huyo hajavunja mwiko wa mtu.

Kuna jambo moja ambalo vitabu vya hamasa havitamwambia. Tanzania iliwahifadhi wapinzani wa Banda miaka thelathini. Banda alidai ziwa lote hadi ufukweni mwetu, kwa kushikilia mkataba wa Waingereza na Wajerumani wa mwaka 1890, huku Tanzania ikisema mpaka upite katikati ya maji. Banda alipoondoka, serikali zilizochaguliwa na watu ziliendelea kudai vilevile. Mwaka 2012, wakati wa utafutaji wa mafuta ziwani, mgogoro ulipanda hadi ukahitaji marais wastaafu wakiongozwa na Joaquim Chissano kuusuluhisha. Mvuvi wa Matema hakupata hata kilo moja ya mbasa kwa fadhila za ukarimu wa Nyerere. Mwenye kusaidia mabadiliko akidhani wenye nchi watamlipa kwa kukubaliana naye katika kila jambo, afadhali asome kilimo. Watu huru watatetea maslahi yao, na mara nyingine maslahi hayo yatakuwa dhidi ya kijiji chako.

Kabla ya kujaza maombi ya chuo, binti huyu avuke mpaka pale Kasumulu, akae kwa mama mdogo wiki kadhaa, asikilize zaidi ya anavyosema. Aulize wanaharakati wa pale, walimu, watu wa vyama vya akina mama, wanakwama wapi. Huenda wakamwambia wana wanasheria wa kutosha na hawana mtu wa kutunza kompyuta. Huenda wakamwambia wanachokosa ni mtafsiri wa Kiswahili, maana bidhaa zao nyingi na habari nyingi zinapitia Mbeya. Kinyakyusa cha nyumbani, kinachoeleweka Karonga, anacho tayari, na hakuna chuo kinachokitoa.

Akishachagua takwimu, kuna Chuo cha Takwimu Mashariki mwa Afrika pale Dar es Salaam, na kuna idara za vyuo vikuu. Akihitimu, asikimbilie Malawi. Kyela ina vyama vya msingi vya ushirika vya kakao, vyenye mizani, stakabadhi za ghala, siku za mnada na wakulima wanaolalamika kwamba uzito wa shambani na uzito wa ghalani haulingani. Akae na vitabu vya chama kimoja, apatanishe kilo na shilingi, amweleze mwenyekiti mbele ya mkutano kwamba namba hazikubali, aone wanachama watamtazamaje, na aone mwenyekiti atampigia nani simu jioni hiyo.